Pembe ya Mlingoti

Wageni wa mtaa ule waliijua sauti ya Mama Turubai kabla ya kuijua sura yake. Mawingu yakianza tu kujikusanya, walisikia mwanamke akipaza sauti kutoka upande wa kiwanjani: "Majirani! Linakuja!" Hapo kinyozi alimwacha mteja kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, muuza mkaa akafunga gunia lake, na wengine wakatoka mbio malapa mkononi. Asiyetoka alisemwa mpaka mvua ikatike. Mama yule ulimi wake haukuwa na breki, na hapa hakuna wa kumtetea, maana ulimi huohuo ndio uliokuja kumponza.

Jina alilipata kwa kazi. Kiwanja cha mtaa kililala kwenye mteremko, goli moja juu, jingine chini, na udongo wake ulikuwa wa mfinyanzi, unakunywa maji polepole kama mtoto anayenyweshwa dawa. Goli la juu halikuwa na shida. Balaa lilikuwa goli la chini. Maji yote ya mteremko yalikimbilia pale, na mbele ya milingoti, makipa walipokuwa wakirukaruka miaka nenda miaka rudi, ardhi ilichimbika ikawa bakuli. Mvua ya usiku mmoja ilitosha kuacha dimbwi la wiki nzima. Mume wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi tu, alikuwa akishona maturubai ya malori. Yeye ndiye aliyeunga vipande chakavu, kipande kwa kipande, hadi likapatikana turubai moja kubwa la kufunika eneo lote la goli la chini, likakandamizwa kingoni kwa matairi mabovu.

Kufunika ilikuwa kazi ndogo. Shughuli ilikuwa kufunua. Mvua ikipita, turubai huwa limeshika maji tumboni, maji mengi na mazito, na ukilivuta ovyo yanamwagika palepale ulipokuwa ukipalinda. Kwa hiyo walikuwa na namna yao, waliyoiita kutembeza maji. Watu walijipanga pande tatu wakainua kingo, upande wa nne ukalazwa kwenye mdomo wa mfereji, kisha wote wakaenda hatua moja moja kuelekea huko, wakiyasukuma maji mbele yao. Mama Turubai alisimama juu ya tairi na kuziita hatua, kwa sababu ni lazima awepo mmoja anayewaona wote. Pembe ya hatari ilikuwa moja tu, ile iliyokuwa kati ya mlingoti na mfereji. Mwishoni uzito wote uliegemea hapo. Aliyeishika akiachia, maji yanageuka na kurudi golini.

Sheria za Mama zilikuwa mbili. Ya kwanza, pembe inashikwa na mtu mmoja, kwa sababu "pembe ya wawili haina mwenyewe." Ya pili, kamba ya kuvutia pembe haifungwi mwilini, hata mikono ikichoka vipi. Hiyo ya pili ilipatikana kwa maumivu: zamani upepo uliwahi kulibeba turubai pamoja na mtu aliyejifunga kamba kiunoni, ukambwaga mferejini, na bega lake halijapona sawasawa mpaka leo.

Mshika pembe ya mlingoti alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mpagazi wa sokoni, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Walimwita Nanga. Wazazi wao waliwaacha wangali wadogo, dada ndiye aliyemlea, tena palepale kiwanjani: yeye anafua jezi za timu bombani, mtoto anacheza kando ya mstari. Jezi ndizo zilizowalisha na kuwavisha. Baadaye akakabidhiwa funguo za kiwanja, na ndugu yake alipokua akakabidhiwa pembe. Mtu akimwambia Mama Turubai kwamba kile ni kiwanja tu, yeye alimwona amemtukania wazazi.

Basi mwaka uliopita, msimu wa mvua, Nanga aliachia.

Hakuna aliyeelewa. Hapakuwa na upepo, wala hakuteleza. Maji yalikuwa yameshakaribia mfereji, Mama anaita hatua, mara kamba ikamponyoka Nanga kama iliyopakwa mafuta. Maji yakageuka, goli likawa ziwa. Refa alikuja akatazama, akatikisa kichwa, akaondoka na mpira wake kwapani. Ilikuwa mara ya pili kwa kiwanja kile kukataliwa, na chama cha ligi kikatamka kwamba kiwanja kikikataliwa mara ya tatu kinafutwa kwenye ligi. Na ofisi ya mji ilikuwa imeshasema waziwazi: kiwanja kisicho na ligi ni mahali pa kuegesha malori.

Mama Turubai alimgeukia mdogo wake mbele ya kadamnasi.

"Mikono yako imekuwa ya uji?" alimfokea. "Kama ni ya uji, kaa nyumbani kwako uunywe! Nanga gani inayoelea?"

Watu walicheka, kama watu wanavyocheka jambo lisipowahusu. Nanga alivitazama viganja vyake, akavifuta kwenye suruali, akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga kiwanjani, wala kwa dada yake, ambako zamani alikuwa akipita kila jioni kunywa chai. Dada naye hakumfuata. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na kwa kuwa wote wawili walinyonya ziwa moja, hakuna aliyeanza. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Majirani nao walichukua majembe yao wakanyamaza.

Jioni nyingine Mama alikikumbuka kile kikombe cha tatu pale mezani, cha Nanga, lakini angeulizwa angekana. Miezi ya mwisho kabla ya ugomvi, Nanga alikuwa ameanza tabia ya kukishika kwa mikono miwili. Dada alimtania mpaka akachoka. "Umerudia utoto, mdogo wangu? Nikufunge na kitambaa shingoni?" Nanga alicheka pamoja naye, akaendelea kunywa vilevile.

Sasa mvua zilikuwa zimerudi, na mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa leo. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ilipokatika, Mama Turubai alifungua geti la kiwanja, akaliona turubai. Halikuwa na tumbo. Lilikuwa limegeuka bwawa. Matairi ya kingoni yalikuwa yamevutwa kwa ndani, na maji yalimeta kutoka mlingoti hadi mlingoti.

Fundi alitambaa kwa magoti akachungulia chini ya ukingo. Alipotoka alikuwa na tope mpaka kidevuni.

"Mshono wa kati unalia," alisema.

"Unalia vipi?"

"Matone. Yakishakuwa mkondo, tumekwisha."

"Si ulishona wewe?"

"Nilishona kitu cha kuzuia mvua, mke wangu. Sikushona tangi."

Majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Refa angefika mchana kukagua, na angani upande wa juu bado palikuwa peusi. Mama aliwapanga pande tatu, akafika kwenye pembe ya mlingoti akasita. Kinyozi alijitolea kwa sauti ndogo. Wiki iliyopita, kwenye manyunyu tu, alikuwa ameishika pembe hiyo, ikamburuta na kumkalisha kwenye tope kama mteja anayesubiri zamu ya kunyolewa. Kila mtu alilikumbuka hilo, naye mwenyewe zaidi.

"Kamwite," Fundi alisema.

"Nani?"

"Unamjua."

"Nikamwite mimi? Aliyeachia kamba nani?"

"Ni yeye. Na aliyeachia ulimi ni wewe."

Fundi alikuwa mtu wa kuongea na sindano zaidi ya watu, na neno lake moja lilimkaa mkewe kooni. Mama alilitazama turubai. Pale katikati, chini ya maji, aliweza kuuona mshono umenyooka kama mshipa uliokaza. Akapandisha kanga kiunoni akatoka getini karibu anakimbia.

Nyumba ya Nanga ilikuwa nyuma ya soko, chumba na sebule, mlango unaokwama. Aliyefungua alikuwa wifi yake, mke wa Nanga, mikono ikiwa na povu la sabuni. Hakusema karibu. Alisogea tu, macho chini.

Nanga alikuwa ameketi kitandani, fulana ya ndani, shati mapajani. Alikuwa amekonda shingo. Mama Turubai aliyaandaa maneno njia nzima, na sasa yote yakakimbia kama kuku walioona mwewe. Alitaka kusema nimekukumbuka. Alitaka kusema nyumba yangu haina mtu wa kumtania. Kilichotoka ni hiki:

"Turubai limejaa."

"Limejaa kiasi gani?"

"Mshono wa kati umezama. Unavuja."

"Refa?"

"Mchana."

"Shemeji anasemaje?"

"Anasema hakushona tangi."

Nanga karibu acheke. Kisha akamtazama mkewe, na mkewe akatikisa kichwa taratibu, mara mbili. "Usiende, baba," alisema. "Nakuomba."

"Ni kiwanja, mke wangu."

Wifi akafuta povu kwenye kanga, akamvalisha mumewe shati, akaanza kumfunga vifungo kimoja baada ya kingine mpaka juu. Mama Turubai akageuza uso ukutani. Mapenzi gani haya ya kufungiana vifungo, alijiambia, na watu wana haraka? Angemtania kama siku zingekuwa zile za zamani.

Walirudi kiwanjani, dada mbele, mdogo nyuma. Watu walimwona Nanga wakampisha, na kinyozi akashusha pumzi mpaka ikasikika. Matone yalikuwa yameshaanza kuungana: chini ya turubai ulitoka uzi mwembamba wa maji ukiteremka kuelekea golini. Hakukuwa na nafasi ya salamu.

"Kila mtu mahali pake!" Mama alipanda juu ya tairi. "Shikeni! Inueni!"

Kingo zikapanda. Lile bwawa likatikisika lote kwa pamoja, likanguruma tumboni.

"Hatua!"

Wakaenda.

"Hatua!"

Maji yakaanza kusogea, mazito, yakijibiringisha kuelekea mferejini. Mama alizungusha macho: upande wa juu sawa, upande wa muuza mkaa sawa, pembe ya mlingoti. Macho yakaganda hapo. Nanga hakuwa ameishika kamba mkononi. Alikuwa ameizungusha kiunoni mara mbili akaifunga fundo, na mikono yake imelazwa tu juu yake kama mapambo.

"Nanga! Fungua hiyo kamba!"

Hakufungua.

"Simameni! Simameni wote! Nanga, umeingiwa na nini? Unataka likubebe? Fungua!"

Watu walisimama, na kusimama ndiko kulikokuwa hatari, kwa sababu maji hayakusimama. Yalipiga mbele yakarudi, kamba ikamkaza Nanga kiunoni akavutwa hatua nzima kuelekea mferejini. Mama aliruka kutoka kwenye tairi, akakimbia, tope likimrukia mpaka usoni. Hasira zilikuwa zimempanda kichwani. Alifika na mkono juu, tayari kumzaba kofi mtu mzima mwenye familia yake.

"Dada," Nanga alisema chini chini, ili wengine wasisikie. "Nikiifungua itaniponyoka. Vidole havishiki."

"Havishiki vipi?"

"Vimekufa ganzi. Siihisi hata kamba."

"Tangu lini?"

Alimtazama dada yake machoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Tangu kabla ya ile siku."

Kikombe kikamjia Mama Turubai, kile cha kushikwa kwa mikono miwili. Vifungo vya shati vikamjia. Na uji ukamjia, ule uji aliomrushia mbele ya watu, na jinsi alivyovitazama viganja vyake kabla ya kuondoka. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Mtu huyu alikuwa mpagazi. Angemwambia nani kwamba hawezi kushika kitu, asifukuzwe sokoni kabla ya jua kuzama? Angemwambia dada yake. Na dada yake alimfanya kichekesho.

Lakini maji hayamngoji mtu amalize kujuta. Turubai lilivuta tena. Mama aliliingiza kucha lile fundo, likagoma, akaliuma kwa meno likalegea. Akaizungusha kamba kutoka kiunoni mwa ndugu yake, akaipitisha kwenye viganja vyake, akavikunja vidole vya Nanga kimoja kimoja juu ya kamba, kisha akavifunika kwa vyake mwenyewe na kukaza.

"Wewe egemea," alimwambia. "Mimi nashika."

"Na hatua ataita nani?"

Hilo hakulifikiria. Watu wote walikuwa wamekodoa macho, hakuna anayejua pa kwenda, na ule uzi wa maji kwenda golini ulikuwa umenenepa ukawa mkondo. Ndipo ilipotoka juu ya tairi sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia ikipandishwa hata siku moja.

"Hatua!" Fundi alinguruma, mikono juu, kidevu bado kina tope.

Wakaenda.

Uzito ulikuja wote kwa mpigo. Mama Turubai hakuwahi kuishika pembe ile maishani. Alikuwa ameiamrisha tu. Sasa alijua. Kamba ilimchuna viganja, mabega yakamlia, na chini ya mikono yake vile vidole vya ndugu yake vilikuwa baridi, havimjibu. Lakini nyuma ya vidole mtu alikuwepo. Nanga alikuwa amejilaza kinyumenyume, visigino vimezama kwenye tope, mgongo wake mpana umebeba kile ambacho mikono haikuweza.

"Hatua!"

Mguu wa Mama ukateleza. Goti likagonga chini, kamba ikateleza kiasi cha kiganja kimoja, na ulimi wa maji ukapinda kuelekea mlingotini. Mtu fulani alipiga kelele.

"Sivuti tena, naangukia nyuma," Nanga alimwambia sikioni. "Usiachie tu, Dada. Usiachie."

"Siachii!"

Akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Pembe ikapanda. Ulimi ule wa maji ukasita, ukafikiri, ukarudi kwa wenzake, na mara mfereji ukapokea kwa kishindo kilichowatisha mbuzi waliokuwa barabarani. Turubai likawa jepesi ghafla, na dada na mdogo wake wakaanguka chali, mmoja juu ya mwingine, kamba bado mkononi.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wakitazama ule mkondo uliovuja. Ulikuwa umefika mpaka kwenye mstari wa goli, ukaacha doa refu la unyevu. Muuza mkaa alilimwagia maranda ya mbao, wakalikanyaga, wakasubiri.

Refa alikuja na mwavuli na uso usiosema kitu. Alitembea golini huku na huku. Alibonyeza kisigino mbele ya mlingoti. Akasogea kwenye doa akabonyeza tena, akainama akatazama alama ya kiatu chake kwa muda ambao Mama Turubai aliuona mwaka mzima. Kisha akauangusha mpira kutoka kifuani. Ukadunda. Ukadunda tena.

"Pana unyevu hapa," alisema.

Watu wakabana pumzi.

"Lakini mpira unacheza. Tunacheza."

Zile kelele zilifika sokoni. Mama Turubai hakupiga kelele. Alikuwa ameketi juu ya tairi, viganja vimechubuka, anamtazama ndugu yake aliyekuwa akikung'uta tope kwa mgongo wa mkono.

Mechi ilipoanza walikaa pamoja kando ya mstari, mahali palepale alipokuwa akimwacha acheze wakati anafua jezi. Fundi alileta chupa ya chai, na kwa kuwa alikuwa ameshaonja ukubwa, aliitoa kwa amri: "Kunyweni!"

"Nisamehe," Mama alisema. Alilisema haraka, macho yakiwa uwanjani, kwa kuwa halikuwa neno alilolizoea. "Nilikukosea vibaya, mdogo wangu. Na nilikuwa nakiona kile kikombe kila jioni."

"Ningekuambia."

"Ungeniambia lini, na mimi nilikuwa nacheka?"

Sokoni, Nanga alisema baadaye, siku hizi alibebea mgongoni tu, akimwomba mwenzake ampakie, na watu wameshaanza kumtazama kwa shaka. Hospitali aliogopa, kwa sababu mtu akiuliza atajibiwa.

"Kesho tunakwenda," dada alisema. "Mimi, wewe na wifi. Na usinibishie, nimechoka leo."

Mficha maradhi kilio humfichua, alitaka kuongeza, lakini kwa mara ya kwanza ulimi ule ukajizuia. Alimimina chai nusu kikombe isimchome ikimwagika, akamwekea viganjani. Nanga akaishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka.

Kinyozi alipita akiwa na kipande cha muhogo, furaha imemjaa. "Mama, kwa hiyo mvua nyingine pembe ile ya nani? Maana mimi, kusema kweli…"

"Ya Nanga."

"Peke yake?"

Mama Turubai aliuma mdomo. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, aliitunga, aliwachapa nayo watu miaka yote. "Ya wawili," alisema. "Unalo swali?"

Kinyozi alitia muhogo mdomoni akaenda zake.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kinaelekea mwisho wingu jeusi liliposhuka kutoka juu ya mteremko na tone la kwanza likaanguka kwenye mfuniko wa chupa. Mama alivuta pumzi ili aite majirani. Kabla hajafungua mdomo, Nanga alikuwa ameshaweka kikombe chini kwa viganja vyote viwili, akainuka. Alikwenda mpaka kwenye turubai lililokunjwa nyuma ya mlingoti, akasimama kwenye pembe yake, mikono mbele, akimngoja dada yake alete vidole.